Betri Ndogo ya Gari Jekundu

Siku ya kuniaga mlinipa doti mbili za kanga na saa ya ukutani. Kanga nawashukuru, maana ndizo za kwanza kukaa mwilini mwangu mwezi mzima bila kutoboka. Saa sijui mliwaza nini. Mtu aliyestaafu ataiangalia ili awahi wapi? Lakini mliniomba pia kitu cha tatu, niandike mambo ya kazini, hasa ile habari ya betri ndogo, ambayo kila mmoja wenu huisimulia kivyake na hakuna hata mmoja aliyekuwepo. Nasikia wengine mnasema gari lilishinda. Halikushinda. Basi tulieni niwaambie ilivyokuwa.

Nilikuja Lindi kutoka Pande miaka michache baada ya Uhuru, kumfuata shangazi yangu. Nilikuwa nimesoma mpaka darasa la sita, na karakana ilikuwa inatafuta mtu wa kufagia. Nikafagia. Siku ya tatu ufagio wangu ulifika mlango wa mwisho, ule wa chumba cha betri. Vijana wa karakana hawakutaka kazi ya mle ndani, kwa sababu asidi ilikuwa inakula suruali zao, na siku hizo kijana mwenye suruali iliyotoboka hapewi mchumba. Nikamkuta mzee mmoja mwembamba, peku, amevaa shati lenye matundu mengi kuliko kitambaa, ameinama juu ya betri ya lori kama mtu anayechungulia sufuria.

"Shikamoo, fundi."

"Marahaba. Usifagie humu. Vumbi litaingia kwenye betri. Pangusa kwa kitambaa kibichi."

Huyo alikuwa Fundi Mbaraka, mtu wa Kilwa Kivinje, na hayo ndiyo maneno mengi zaidi aliyonipa mwezi ule. Nikapangusa. Kesho yake nikarudi kupangusa bila kuitwa. Wiki ya pili akaniachia nishike taa wakati yeye anapima. Mwisho wa mwezi msimamizi wa karakana, Bwana Festo, akaniandika msaidizi wa chumba cha betri, kwa kuwa hapakuwa na mwingine aliyekubali. Ndivyo mwanamke wa kwanza alivyoingia ufundi pale kwetu. Siku ya kuniaga mgeni rasmi alieleza vingine, nikamwacha afurahi.

Vyombo vyetu vilikuwa vichache. Tulikuwa na kile kipimo cha asidi, bomba la kioo lenye chelezo ndani: unavuta asidi, chelezo kinaelea, unasoma. Kikielea juu, betri imeshiba. Kikizama, ina njaa. Tulikuwa na brashi ya waya ya kusugulia vichwa vya betri, debe la magadi ya kuua asidi ikimwagika, na mashine moja ya kuchaji iliyokuwa inavuma mchana kutwa. Kuchanganya asidi alinifundisha kwa mkono wake. Unatangulia maji, halafu unamimina asidi ndani ya maji, polepole, na kamwe si kinyume, la sivyo itakurukia machoni. "Asidi ni mgeni," alisema. "Mgeni ndiye anayeingia ndani ya nyumba. Nyumba haimfuati mgeni." Nimewafundisha wengi wenu kwa maneno hayohayo, na wote bado mna macho.

Zaidi ya hapo hakuwa mtu wa kueleza. Alijifunza kazi yake bandarini Dar es Salaam kwa mabwana waliofundisha kwa teke, akaapa kutompiga mwanafunzi teke, lakini kueleza hakuwahi kuona kunafanywaje. Akisema "tazama", ujue umepewa somo zima. Kwenye kona palikuwa na mtungi wa udongo, na juu yake kata ya kifuu. Maji ya kuongezea kwenye betri na ya kuchanganyia asidi yalitoka mle. Siku aliyonikabidhi chumba, masika yakiwa yanaishia, aliuonyesha mtungi kwa kidole akasema maneno mawili.

"Mtungi usikauke."

Mimi ni mtoto wa kike wa Pande. Kwetu mtungi ndio sifa ya binti. Binti mwenye adabu hungoji umwambie kachote. Anaamka kabla ya watu, anachota, anajaza, anafunika, na wala hatangazi. Wewe unaamka unakuta maji. Ukimsikia binti anasema "nimejaza mtungi", ujue hakulelewa. Kwa hiyo mimi kuambiwa mtungi usikauke nilikuwa kama nimedharauliwa kidogo. Nikasema moyoni, mzee huyu hajui anasema na nani. Tangu asubuhi ile nilifika karakana kabla mtu hajafika, nikateremsha ndoo kwenye kisima cha uani, hatua chache kutoka ufukweni, nikajaza mtungi mpaka shingoni. Fundi Mbaraka alikuwa akiingia anaukuta umejaa. Alikuwa akiutazama, kisha ananitazama, anatikisa kichwa kwa kuridhika. Nilijisikia vizuri sana.

Nje, nyuma ya chumba, palikuwa na kasiki, mtungi mkubwa wa udongo, mdomo wake umefungwa kwa kitambaa cha bafta nyeupe na kamba ya ukindu. Sikuwahi kuligusa. Kitu cha mtu kilichofungwa hakifunguliwi, hata hilo tulifundishwa nyumbani.

Miezi miwili ya kwanza kazi ilikwenda barabara. Mwezi wa tatu betri zikaanza kurudi. Ikaja ya lori la mkonge, tuliyoijaza wenyewe na kuichaji ikashiba, eti asubuhi haiwashi. Tukaichaji. Ikarudi tena. Ikaja ya gari la hospitali, ikaja ya trekta, zikaja mbili kwa siku moja. Fundi Mbaraka akawatilia shaka madereva, kwamba wanaacha taa zinawaka. Madereva wakanitilia shaka mimi. Mmoja alisema mbele yangu, kwa sauti ya kusikika, kwamba tangu chumba kile kiingie mkono wa kike, betri hazidumu. Nilimjibu kwamba mkono wa kike ndio uliompikia mpaka akapata nguvu ya kusema upuuzi ule. Nyuma ya mlango nililia, nawaambia kweli, maana hata mimi nilikuwa nimeanza kuamini. Nilikuwa nafanya kila kitu kama alivyofanya fundi, na zake hazikuwa zikifa.

Msimu wa korosho ulipoanza, Bwana Festo aliniita. Alikuwa mtu wa bara ya Kilwa, Mkatoliki, mpole, mwili mkubwa, na hakupenda kugombana.

"Somoe, malori ya korosho yanaanza kulala barabarani," alisema. "Nakupa mpaka Sikukuu ya Uhuru. Betri zikiendelea kurudi, utashika ufagio wako tena, na chumba nitatafuta mwanamume."

Hiyo ndiyo hali niliyokuwa nayo gari jekundu lilipoingia uani. Mwenyewe aliitwa Karim, mtoto wa duka la vitambaa pale mjini, kijana wa watu, mcheshi, asiyeweza kukaa sehemu moja. Gari lilikuwa la spoti, la Kiingereza, viti viwili, paa la turubai, limelala chini hata ukisimama kando yake unajiona mrefu. Alilinunua kwa meneja wa shamba la mkonge aliyerudi kwao baada ya Uhuru. Siku ya sikukuu palikuwa na mashindano ya magari, kutoka Lindi hadi Kiranjeranje na kurudi, na Karim alikuwa hali halali kwa ajili yake. Alikuwa ameshaambiwa na mtu kwamba ushindi ni wepesi wa gari. Basi akapunguza uzito. Aling'oa kiti cha abiria. Aling'oa zulia. Aling'oa redio, na kwa kumjua Karim, hiyo ilikuwa kama kung'oa jino. Mwisho akaagiza ng'ambo, kwa ndugu yake, betri ndogo nyepesi ya magari ya mashindano.

Aliishusha mezani kwetu kwa mkono mmoja. Ile kubwa iliyokuwamo garini tuliitoa watu wawili, na Fundi Mbaraka akashika kiuno.

"Hii si ya redio kweli, Bwana Karim?" nikamuuliza.

"Dada Somoe, hii imepungua ratili ishirini na tano. Ishirini na tano! Mimi mwenyewe nimefunga chakula cha usiku mwezi mzima nikapungua nne."

"Basi ungeendelea kufunga, ungetuokolea kazi."

Fundi Mbaraka hakucheka. Aliigeuza ile betri huku na huku. Ilikuja kavu, bila asidi, sahani zake za risasi nyembamba kama karatasi ya daftari. "Tazama," akaniambia, na safari hii akaongeza maneno, jambo lililonishtua. "Betri kubwa ni kama mtu mwenye ghala. Akikosea leo, atakula akiba. Hii haina ghala."

Wenzangu mnaoletewa siku hizi betri nyepesi na vijana wenye haraka, sikilizeni hapa. Jambo la kwanza, sanduku la kukalia betri lilikuwa kubwa kwa ile ndogo, na betri inayocheza kwenye barabara ya Kilwa itapasuka kabla ya Mchinga. Nilichonga vipande vya mninga, nikavichovya kwenye nta, nikaikaza kila upande, halafu ukanda wa chuma juu yake. La pili, vichwa vyake vilikuwa vyembamba na vimekaa kinyume. Gari lile, kama magari mengi ya Kiingereza ya wakati ule, waya wake wa chanya ndio uliofungwa kwenye bodi. Ukifunga kwa mazoea, unaunguza. Nililiona mimi kabla ya fundi, na akanitazama kama siku zile za mtungi. La tatu, dainamo ilikuwa imezoea kulisha betri kubwa, ingeichemsha ndogo. Tukaipunguza mpaka mshale wa kipimo cha chaji ukakaa tulipotaka. Nilifanya karibu yote kwa mikono yangu, na hata leo nikifumba macho naweza kuifanya tena.

Kisha nikachanganya asidi. Maji kwanza, kutoka mtungini, asidi juu yake polepole. Nikajaza vyumba vyake sita, tukaichaji siku mbili. Chelezo kikaelea vizuri kabisa. Karim akawasha mara moja tu, gari likanguruma, akaondoka nalo huku anapiga honi mpaka sokoni. Nilikaa juu ya debe la magadi nikasema alhamdulillahi, mkono wangu umepona.

Siku ya nane alirudi akisukumwa na wabeba mizigo wanne.

Kwenye mashindano yale palikuwa na sharti moja ambalo Karim alikuwa amelirudia kwetu kila siku. Kila gari lilitakiwa liwashwe kwa ufunguo, pale mwanzo na pale Kiranjeranje ambako yote yangezimwa ili kadi zipigwe mhuri. Likisukumwa, limetolewa. Zilikuwa zimebaki siku sita.

Nilivuta asidi kwenye kipimo. Chelezo kikazama, chumba cha kwanza, cha pili, vyote sita. Hakuna taa iliyoachwa, hakuna waya uliochubuka, gari lililala nyumbani kwao. Asidi yenyewe ilikuwa na rangi isiyokuwa yake. Fundi Mbaraka aliitazama kwa muda mrefu.

"Tunaimwaga yote," akasema. "Tunaisuuza kwa maji mengi, tuanze upya. Njoo tulifungue kasiki."

"Kasiki la nini, fundi?"

Nadhani hakunisikia. Alitoka nje, mimi nyuma yake. Akashika ile kamba ya ukindu, na mkono wake ukakaa pale pale. Fundi Mbaraka alikuwa mtumiaji wa mkono wa kushoto, na fundo lake lilizunguka upande ambao watu wengine hawazungushi. Fundo lilikuwa lake. Alilifungua taratibu, akafunua bafta, akachungulia. Kasiki lilikuwa limejaa karibu na ukingo, kama alivyoliacha masika.

"Somoe," akasema, bila kugeuka. "Mtungi umekuwa ukiujaza kwa kitu gani?"

"Kwa maji, fundi."

"Ya wapi?"

"Ya kisimani. Kila alfajiri. Sijaacha hata siku moja."

Akaketi juu ya jiwe. Hata kunifokea hakunifokea, na ingekuwa nafuu. Ndipo akanieleza, kwa mara ya kwanza, jambo ambalo alidhani kila mtu analijua kama yeye alivyolijua: betri hainywi maji ya kisima. Betri inakunywa maji ya mvua, tena yaliyodondoka moja kwa moja kutoka juu, yasiyogusa bati wala makuti, yakachujwa kwa bafta. Alikuwa akijaza kasiki wakati wa masika, halafu mtungi unajazwa kutoka kwenye kasiki mwaka mzima. Kisima kile kilikuwa na chumvi ya bahari, na chumvi inaila betri kutoka ndani, polepole, haionekani. Zile kubwa zilikuwa zikila akiba zao miezi mitatu ndipo zife. Ile ndogo isiyo na ghala ilikufa siku ya nane, na ndiyo iliyosema.

"Lakini fundi, maji yale ni matamu," nikamwambia. "Mimi nayanywa kila siku."

Akaingia ndani, akachota kwa kata mtungini, akanywa, akatema dirishani. "Haya ni bahari," akasema. Nikanywa mimi. Kwangu yalikuwa maji. Pande tumezaliwa na visima vya namna hiyo, uji wetu wa kwanza umepikwa kwa maji hayo. Ningejuaje kwamba yana kitu? Akanichotea ya kasiki. Nikayanywa, nikaona hayana ladha yoyote, kama kunywa hewa. Nikanywa tena ya mtungi baada ya yale, na hapo, kwa mara ya kwanza maishani mwangu, nikaisikia chumvi.

Kumbe ni mkono wangu kweli. Yule dereva alikuwa amesema upuuzi na alikuwa amepatia. Niliona aibu mpaka masikio yakawaka, si kwa sababu nilikuwa mvivu, bali kwa sababu nilikuwa mwema kupita kiasi bila kuuliza. Fundi Mbaraka alisema tusimwambie mtu, tubadilishe maji kimya kimya na betri zitapona zenyewe. Nikamwuliza, na yale malori ambayo tayari yana maji yangu tumboni? Akatoka kwenda kulifunga kasiki.

Sikulala vizuri. Asubuhi nikaenda moja kwa moja kwa Bwana Festo. Alikuwa amekaa na kikombe cha chai mbele yake, hajakigusa. Nikamwambia yote, kisima, mtungi, kasiki, na kwamba kila betri iliyopita chumbani tangu masika inabidi irudi isuuzwe. Nikamwambia kosa ni langu.

Alinitazama kama mtu aliyechoka. "Mnanichanganya. Wewe ni wa pili asubuhi hii kuniambia kosa ni lake. Fundi Mbaraka ametoka humu sasa hivi. Anasema yeye ndiye mkosa, alikupa kazi ya mwaka mzima kwa maneno mawili. Anataka nimwachishe yeye, wewe nikubakize."

Mzee yule alikuwa amebakiza miaka miwili apumzike, na hakuwa na kazi nyingine duniani.

"Mimi sijui betri," Bwana Festo akaendelea. "Nyote wawili mnaniambia tatizo ni maji. Miezi yote hii mlikuwa mnaniambia ni madereva. Nitajuaje? Nitawaambia nitakavyojua. Lile gari jekundu watu wote watalitazama. Isuuzeni betri yake. Likiwaka kwa ufunguo siku ya sikukuu, kwenda na kurudi, nitaamini, na malori yote nitayarudisha kwenu. Lisipowaka, mtoke wote wawili."

Karim aliposikia, mtu wa kwanza kuogopa alikuwa yeye. Alisimama mlangoni akiitazama betri yake ya zamani, ile kubwa, iliyokuwa bado kwenye kona na asidi yake ya zamani safi.

"Dada Somoe, nirudishie ile. Nitakuwa mzito, lakini nitawaka."

Na hilo lilikuwa jambo la akili. Ile kubwa haikuwahi kuonja maji yangu. Ningeirudisha, gari lingewaka, Bwana Festo angeridhika, na sisi tungebaki kazini bila mtu kujua kama dawa ni ile au siyo. Fundi Mbaraka aliniachia mimi niseme.

"Bwana Karim," nikamwambia, "nikikurudishia ile utashinda au utashindwa, lakini mimi sitajua kitu. Malori yale yatalala porini na watu ndani. Niachie hii ndogo siku tano. Siku ya sita asubuhi, chelezo kikizama hata kwa unywele, nitakufungia ile kubwa kwa mikono yangu na mimi nitafunga mizigo yangu."

Aliniangalia, akaangalia paa, akasema kwamba mama yake alimwambia asifanye biashara na watu wa Pande. Kisha akaiacha.

Tuliimwaga ile asidi juu ya magadi, ikachemka ikafa. Tuliisuuza betri kwa maji ya kasiki mara tatu, kila mara tunaiinamisha na kungoja itoe matope yake. Mtungi niliupasua. Tulinunua mpya, kwa sababu udongo hunywa chumvi na hautapiki yote. Asidi mpya, maji ya mvua, mgeni akaingia nyumbani polepole. Tukaichaji kwa moto mdogo siku mbili, halafu tukaiacha ikae. Hapo ndipo palipokuwa na kazi, kukaa tu. Asubuhi na jioni navuta asidi, nasoma, naandika kwa mkaa ukutani. Alama ya kwanza na ya mwisho zilikuwa sawasawa. Fundi Mbaraka alizipitisha kidole, akasema, "Tazama," lakini nilikuwa nimeshatazama.

Siku ya sikukuu tulivaa nguo zetu nzima, yeye kanzu yake ya Ijumaa, mimi kanga za shangazi. Magari yalikuwa kumi na kidogo, na mengi yalikuwa ya kazi tu, Landrover na magari madogo ya mizigo, lile jekundu katikati yao kama mtoto wa harusi kwenye msiba. Bendera ikashushwa. Karim akazungusha ufunguo, likawaka mara moja, likapotea kwenye vumbi. Hiyo ilikuwa ni nusu tu. Iliyobaki ilikuwa Kiranjeranje, hatua chache kutoka njia panda ya kwetu, na mimi nimekaa Lindi sioni.

Saa nane magari yakaanza kurudi. La kwanza, Landrover. La pili, la tatu. Bwana Festo alikuwa amesimama na mikono nyuma. La tano, la sita. Watu wakaanza kuondoka. Nilikuwa nahesabu vyombo vyangu akilini, kipi changu na kipi cha karakana. Vyangu vilikuwa viwili.

Lilikuja la mwisho kabisa, na halikuwa jekundu tena. Lilikuwa tope kuanzia matairi mpaka turubai, na Karim ndani yake amebaki macho na meno. Lakini lilikuja kwa injini yake.

"Umesukumwa?" Bwana Festo akamuuliza kabla hajashuka.

"Nisukumwe na nani? Kiranjeranje limewaka kwa ufunguo, mara moja. Wakati wa kurudi, mto Mbwemkuru mvua imenyesha juu, maji yamepanda, likanizimia katikati. Watu wamekuja kunisukuma, nimewafukuza kwa matusi, Mungu anisamehe. Nimekausha plagi kwa shati langu. Nimezungusha ufunguo mara tisa, Bwana Festo. Tisa. Ya tisa likawaka. Mimi nilidhani ya tatu itakufa."

Bwana Festo alisogea karibu na mlango wa gari. "Zima," akasema.

Karim akazima. Bwana Festo, na mwili wake ule, akajikunja akaingia kwenye kile kigari, magoti yakafika kidevuni. Akashika ufunguo mwenyewe. Fundi Mbaraka alikuwa ananong'ona dua, mimi nilikuwa nimesahau zote. Akazungusha. Likawaka, mara moja, bila hata kusita.

Alikaa kidogo akilisikiliza. Kisha akajitoa kwa shida, akapangusa tope mikononi.

"Kesho mje mapema," akatuambia. "Malori yote ya korosho yanaingia."

Fundi Mbaraka alifuta macho kwa ncha ya kanzu. Nikamwuliza vipi. Akasema gari lile lina moshi mkali.

Mwaka wake wa mwisho kazini alieleza mambo mengi kuliko miaka yake yote, mpaka vijana wakawa wanamkimbia. Mtungi mpya alinikabidhi na bafta yake. Na kila aliyeingia chumba kile baada ya hapo, ninyi mnajua, sikumwambia usikauke. Nilimpa vikombe viwili anywe, cha mvua na cha kisima, halafu nikamwuliza. Waliotoka mwambao walishindwa wote. Wa bara walipatia na wakaringa.

Karim alihamia kwa ndugu zake miaka michache baada ya Azimio la Arusha, gari akamwuzia mtu wa Mtwara. Ile betri yake kubwa ilikaa kwenye kona yetu bila mwenyewe. Pande ilipokuwa kijiji cha ujamaa na redio ya kijiji ikakosa umeme, niliomba ruhusa nikaipeleka, pamoja na dumu la maji ya mvua. Nikamweleza mwenyekiti kwamba asije akaiongezea maji ya kisima. Alikasirika kweli.

"Maji yetu yana kosa gani, Somoe? Si ndiyo yaliyokukuza?"

Nilimwambia hayana kosa, ila betri ni ya Kizungu na ina madeko. Hapo akaelewa. Watu walisikiliza taarifa ya habari kwa betri ile miaka mingi.

Sasa nimerudi Pande. Mke wa mwanangu, Zuhura, ni binti aliyelelewa. Kabla sijaamka ameshachota, amejaza, amefunika, na hajasema neno. Asubuhi ya kwanza alinichotea kwa kata, nikanywa. Maji ya kisima kilekile cha utoto wangu. Yana chumvi. Zamani hayakuwa nayo, na najua kisima hakijabadilika.

"Maji yakoje, mama?" akaniuliza.

"Matamu, mwanangu," nikamwambia.

Akanichotea nyingine, nikanywa yote.